Umio Ulioonekana Mzima

Kwa miaka miwili nilikuwa nikishikwa na maumivu katikati ya kifua, na kila yaliponijia usiku nilidhani moyo unanisimama. Nilipimwa umeme wa moyo, damu na presha, majibu yakawa mazuri. Hatua hiyo siijutii, na yeyote anayeumwa kifua aanzie hapo, kwa maana moyo hausubiri. Baadaye niliambiwa nina vidonda vya tumbo, jina ambalo hapa Mwanza hupewa karibu kila maumivu yaliyo kati ya kitovu na koo.

Dawa za kupunguza asidi zilinisaidia kidogo tu. Nilimezeshwa mpira wenye kamera, nikaambiwa umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ni mzima, nikarudi nyumbani Igoma na maumivu yaleyale. Mke wangu ndiye aliyegundua kwamba kila tonge la ugali nilikuwa nalishushia maji. Nilipomweleza daktari mwingine jambo hilo, aliniuliza kama nina pumu, nami ninayo tangu utotoni. Akarudia kipimo, na safari hii akachukua vinyama sita vya kupimwa, vya sehemu ya juu na ya chini ya umio, ingawa kwa macho umio ulionekana hauna kasoro.

Katika vinyama hivyo zilikutwa eosinofili, seli nyeupe za kinga ambazo Paul Ehrlich alizipa jina hilo mwaka 1879 kwa sababu hunywa rangi nyekundu ya eosini. Tumboni na kwenye utumbo zina makao yake, lakini umio wenye afya hauna. Zikifika 15 au zaidi katika eneo moja linaloonekana kwa hadubini yenye ukuzaji mkubwa, na visababishi vingine vikaondolewa, huo ni ugonjwa unaoitwa kwa Kiingereza eosinophilic esophagitis, uliotambuliwa mapema miaka ya 1990. Huandamana mara nyingi na pumu na mzio, ndiyo maana daktari aliniuliza. Seli hizo humwaga protini zinazouchoma ukuta wa umio, ukavimba na hatimaye kukakamaa.

Kwetu kandokando ya Ziwa, ambako kichocho kimeenea, eosinofili zikiongezeka kwenye damu daktari hufikiria minyoo kwanza, na ana sababu. Damu pekee isingeonyesha kilichokuwa kwenye umio wangu. Ni vinyama vilivyoonyesha, ndiyo maana nawasihi mnaomezeshwa mpira kwa shida ya kumeza muulize kama vitachukuliwa.

Sasa ninameza dawa ya steroidi, inayotuliza uvimbe, na nimeacha maziwa, chakula kinachoongoza kwa kuuamsha ugonjwa huu. Kwa Msukuma aliyelelewa kwa maziwa ya mgando, hilo limekuwa gumu kuliko dawa.