Daftari la maneno ukutani: leo ni zamu ya "saiba"

Kwa anayepita mtaani Langoni, hapa Lamu, karatasi ya nne imeshabandikwa. "Roboti" na "modemu" zilinimalizia usiku mmoja mmoja. "Saiba", hili neno la mambo ya kompyuta na intaneti, imekula wiki nzima, nalo ndilo neno nililolichora mwenyewe juu ya mlango wa duka!

Karatasi ya kwanza ya "saiba" niliichana. Niliandika kwamba neno lilizaliwa na intaneti. Kumbe mwaka 1948 Norbert Wiener, mwanahisabati wa Marekani, aliipa elimu yake mpya jina la saibanetiki, kutoka Kigiriki kubernetes: mshika usukani wa chombo. Elimu yenyewe ni ya jinsi mashine na viumbe wanavyojirekebisha kwa kutazama matokeo ya walichokwisha kufanya. Hasa kuanzia miaka ya 1980 watu wakakata kipande cha mbele wakakipachika kwa kila kitu cha kompyuta.

Hilo la kujirekebisha nilikuwa nalinakili tu. Jumapili nikafuatana na ami kwa mashua kwenda kijiji cha Matondoni. Amekaa tezini, nyuma ya mashua, kana (mpini wa usukani) kwapani, ananisimulia habari za arusi wala mkono wake hautazami. Omo, yaani mbele ya mashua, ikianza kuelekea mikokoni, kana inasogea kidole kimoja. Ikipitiliza upande wa pili, inarudi nusu kidole. Mashua haikunyooka hata dakika moja, na tulifika. Nikaitia ile kana kwenye karatasi ya pili, nimeichora vibaya lakini inatambulika.

Utamu zaidi ni huu: Warumi walilichukua neno lile lile wakalifanya gubernare, likapitia Ufaransa na Uingereza mpaka likatufikia sisi kama "gavana". Saiba na gavana ni ndugu wa tumbo moja. Hata ile gavana ya injini, inayobana mafuta mashine ikikimbia kupita kiasi, imo humo. James Clerk Maxwell aliandika makala juu yake mwaka 1868, na Wiener alipochagua jina alikuwa akiikumbuka makala hiyo. (Sisi usukani tuliupata kwa Waarabu na nahodha kwa Waajemi. Rubani naye alikuwa wa baharini, siku hizi yuko uwanja wa ndege wa Manda anarusha ndege.)

Nilimweleza ami yote haya njiani tukirudi. Akanyamaza kidogo, akalegeza demani, kamba ya tanga.

"Gavana ya mashine yangu imekufa tangu kaskazi," akasema. "Unafikiri kwa nini tumekuja kwa tanga?"

Kesho naanza "algorithimu".