Dar kwa miguu, gari tukaliacha Kigamboni

Wengi wakituona na gari letu huuliza tunaingiaje nalo mijini. Hatuingii nalo. Ni matatu ya zamani ya viti 14. Mume wangu, ambaye ni seremala, aliing'oa viti vyote akatia kitanda, kabati, jiko la gesi, tangi la maji na betri ya sola. Kwenye barabara kuu inakwenda vizuri sana. Katikati ya Dar es Salaam ingekuwa mzigo: njia nyembamba, maegesho haba, na mtu mmoja angebaki kulilinda huku wenzake wakitembea.

Tulitoka Mombasa kwa njia ya Lunga Lunga, tukavuka Horohoro, tukashika Tanga, Segera na Chalinze. Mpakani tulionyesha kadi ya gari, pasipoti na bima ya COMESA, tukapewa kibali cha muda cha gari. Tulipofika Ubungo tulikata Barabara ya Mandela hadi Kurasini, tukapita Daraja la Nyerere lililofunguliwa 2016, na hapo ukishavuka uko Kigamboni. Kuna kambi za ufukweni zinazopokea magari kama letu, zenye mlinzi, umeme na bafu. Kwa msafiri mwenye gari la kulala sioni mahali bora kuliko Kigamboni, kwa sababu mji uko ng'ambo tu, na kivuko kinakushusha mlangoni mwake.

Safari hii ilikuwa ya Mama. Babu yake mzaa baba alichukuliwa upagazi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, hakurudi. Kwao ni Kilifi, na ile ndiyo ilikuwa miaka ya Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyeongoza upinzani, Wagiriama walipokataa kutoa vijana wao kwa kazi za serikali ya Mwingereza, hata 1914 wakapigana naye. Waliposhindwa walilazimishwa kutoa watu wa kubeba mizigo ya jeshi. Nyumbani kwao Mama hakuna picha ya babu huyo wala kaburi lake. Kilichobaki ni maneno ya bibi yake kwamba alipelekwa upande wa Wajerumani. Upande wa Wajerumani ndiyo Tanganyika, na Dar es Salaam ndiyo ilikuwa makao yao makuu. Mama ana zaidi ya miaka sabini na magoti yanamsumbua, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuipanga siku ili aimudu.

Tulichagua Julai kwa ajili ya kipupwe. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa tumeshapanda bajaji kwenda kivukoni. Sisi wa Mombasa tumezoea Likoni, ambako mtembea kwa miguu halipi. Huku unalipa, lakini nauli ni ndogo. Kijana mmoja alimwona Mama amesimama akainuka. "Shikamoo bibi, kaa hapa." Mama akaitikia marahaba, akakaa, akatazama meli zilizokuwa zikingoja nje ya bandari mpaka tukafika.

Ukishuka upande wa Magogoni, Soko la Samaki la Feri liko hapo hapo. Tulipita haraka maana palikuwa pamefurika watu wa mnada. Tukanywa chai na chapati kwa mama ntilie mmoja, kisha tukapanda taratibu kuelekea Bustani ya Mimea. Wajerumani waliianzisha 1893, na tausi bado wanazunguka humo. Mama alipumzika kwenye benchi karibu saa nzima, na ushauri wangu kwa yeyote anayetembea na mzee ni huo: pumziko la kwanza lije kabla hajachoka. Simu na kamera viwe ndani ya mkoba, na upande wa Ikulu usipige picha kabisa.

Makumbusho ya Taifa yako jirani, Mtaa wa Shaaban Robert. Humo kuna habari za fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililogunduliwa Olduvai 1959, na magari aliyotumia Mwalimu Nyerere. Mimi nilisimama zaidi kwenye kumbukumbu ya bomu la ubalozi wa Marekani la tarehe 7 Agosti 1998. Siku ile sisi Wakenya tulikuwa tukihesabu wafu wa Nairobi, zaidi ya mia mbili, na huku Dar walikuwa wakizika watu 11. Sikuwahi kuwafikiria wale wa Dar kama nilivyowafikiria wetu mpaka niliposimama pale.

Kutoka hapo unafuata Barabara ya Samora moja kwa moja. Ni tambarare na ina vivuli vya majengo, ukitembea upande wa kulia asubuhi jua halikupigi sana. Na ndipo tukamfika askari.

Amesimama katikati ya mzunguko, wa shaba, bunduki mikononi, singe imeelekezwa bandarini. Aliwekwa 1927. Kabla yake palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, iliyoondolewa baada ya Waingereza kuutwaa mji Septemba 1916. Ukumbusho wa aina hiyo hiyo uko kwetu Mombasa, na mwingine uko Nairobi kwenye Kenyatta Avenue. Maneno yake ni kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, na yale ya Kiingereza aliyatunga mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling. Yanawataja askari, kisha yanawataja wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Mwisho yanaahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Magari hayaachi kuzunguka pale. Mume wangu alitushika mikono tukavuka wakati njia ilipotulia kidogo. Mama alinitaka nimsomee polepole. Nilipomaliza aliuliza, "Na majina yenyewe yako wapi, mwanangu?"

Hayapo. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, wakibeba mizigo mahali ambapo gari halikuweza kupita na wanyama walikufa kwa mbung'o. Askari wa Kizungu wana makaburi yenye majina. Wapagazi waliwekewa sanamu tu. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri jambo hilo na kuomba radhi. Nilimweleza Mama hayo yote. Akanyamaza kidogo, kisha akataja jina la babu yake kwa sauti, na la baba wa babu yake, kama tunavyofanya kwetu tukiwaombea wazee. Wapita njia walitupisha kwa heshima.

Kanisa la Azania Front na lile la Mtakatifu Yosefu yako hatua chache kuelekea baharini, yote ya Wajerumani, yote yalikamilika 1902. Tuliyaona kwa nje. Ukiwa na nguvu zaidi yetu, ingia. Sisi tulikuwa tunaziweka kwa ajili ya Kariakoo.

Tulipita Mnara wa Saa, uliojengwa Dar ilipopewa hadhi ya jiji 1961, tukakata Mnazi Mmoja. Waingereza walipoushika mji, wapagazi waliwekwa kambi katika uwanja ule wa Kariakoo. Leo ni soko, na soko lenyewe, alilolisanifu Beda Amuli miaka ya 1970, lina nguzo pana juu kama miavuli. Liliungua Julai 2021. Barabara zote zinazolizunguka zimejaa vitenge, ndoo, viatu, simu. Hakuna kibao nilichokiona kinachosema wapagazi walilala hapa. Ninaamini kingestahili kuwepo, tena chenye maandishi makubwa.

Tulikaa kwenye benchi la muuza kahawa, mzee wa umri wa Mama. Alitutilia kahawa na kashata, akauliza tumetoka wapi. Mama akamwambia habari yote. "Basi dada," mzee akasema, "babu yako ni mgeni wetu wa siku nyingi. Pole sana." Akakataa pesa ya kikombe cha Mama.

Kurudi hatukutembea. Tulikwenda kituo cha Fire tukapanda basi la mwendokasi hadi Kivukoni, na saa kumi alasiri tulikuwa ng'ambo, kabla ya wafanyakazi kufurika. Wakati huo ni muhimu ukiwa na mzee; ukichelewa hadi saa kumi na moja utasukumana.

Kambini nilimpashia Mama maji ya moto ya kukanda magoti. Aliomba ramani. Nilimwonyesha kusini, mto Rufiji, ambako mapema 1917 mvua na njaa viliwamaliza wapagazi wengi, na njia ya lami inayopita juu yake kwa Daraja la Mkapa kuelekea Kilwa. Mpango wetu ulikuwa kurudi nyumbani kwa njia ya Bagamoyo. Mume wangu alikagua oili na matairi jioni ile ile, na asubuhi tukaelekea Rufiji.