Leza ya macho: pigania vipimo vyako

Miwani yangu ya kuonea mbali ilikuwa -4.50, na silinda (masahihisho ya konea isiyo duara sawasawa) ya -1.75 juu yake. Leo, baada ya LASIK, yaani leza inayochonga konea, ngozi angavu ya mbele ya jicho, nasoma namba za teksi ng'ambo ya barabara bila kitu usoni.

Kilichoniudhi ni ushauri. Muuza miwani mmoja hapa Kampala aliniambia nivue lenzi zangu za kuvaa machoni usiku wa kuamkia vipimo vya leza. Haitoshi hata kidogo! Lenzi hubadilisha umbo la konea, nayo huchukua muda kurudi. Ramani ya umbo la konea ilipotoka, mhimili wa silinda, yaani pembe inakolala, ulipishana na ule wa miwani, na daktari kule Nairobi akakataa kuendelea. Alifanya vyema, ingawa nauli ya basi ilienda bure. Lenzi laini zikae nje wiki mbili, ngumu tatu au zaidi. Niliporudi, vipimo vya siku mbili tofauti vililingana.

Mhimili ndio roho ya silinda. Ukilala chali, jicho hujizungusha kidogo. Kila digrii moja ya kukosea hula kama asilimia 3 ya masahihisho. Zikifika 30, silinda yako iko palepale. Nilimwomba daktari atie alama za wino pembeni mwa konea nikiwa nimekaa wima. Mashine nyingi za sasa hufuata mzunguko huo zenyewe, lakini alama haigharimu kitu.

Unene nao ulizia. Konea yangu ilikuwa mikroni 538. Kifuniko, tabaka la juu la konea linalofunuliwa ili leza ichonge chini yake, kilichukua 110; leza ikala takriban 14 kwa kila dayopta (kizio cha nguvu ya miwani; zangu 4.50 na 1.75, jumla 6.25), kama 88 hivi. Chini ya kifuniko zikabaki 340. Chini ya 300 madaktari wengi husita; chini ya 250, kataa. Mwenye konea nyembamba huenda akafanyiwa PRK, aina ya leza isiyo na kifuniko, ila avumilie siku kadhaa za maumivu. Na kama mzio umekufanya upekeche macho tangu utotoni, hakikisha ramani haionyeshi konea iliyochongoka. Hiyo ikionekana, LASIK haifai.

Leza yenyewe haikumaliza dakika kwa kila jicho. Usipande basi la usiku huohuo: kesho yake lazima kifuniko kikaguliwe, maana kikijikunja hunyooshwa mapema. Lala na vikinga macho, usipekeche, na kwenye boda vaa miwani ya kuzuia vumbi. Macho hukauka kwa miezi, hivyo nunua machozi ya dawa yasiyo na vihifadhi. Ya bei nafuu yenye vihifadhi, ukiyatia mara nyingi kwa siku, huchoma.