Siku yenye nguvu ndiyo ninayoiogopa

Jumanne moja niliamka na nguvu za ajabu. Kichwa chepesi, ule ukungu haupo, nikaosha vyombo vya siku tatu, nikajibu meseji zote zilizolala kwenye simu, nikaingia mitingi mbili, jioni rafiki kanipigia tuonane nikasema nakuja na nikaenda kweli. Kesho yake nilisimama jikoni kikombe mkononi, maji yameshachemka, nikashindwa kuamua nianze na majani ama sukari. Sio kwamba nilisahau, nilikuwa najua vizuri tu, ila mkono haukwenda. Nikakaa chini pale pale mpaka maji yakapoa. Ilinichukua siku nne kurudi sawa.

Nina usonji (autism) na ADHD, ile hali ya umakini kuhamahama na mwili kutotulia, vyote viwili. Miaka yote nilikuwa napigana na siku mbaya nikidhani ndio adui, kumbe siku mbaya zinatengenezwa na siku nzuri ninavyozitumia, yaani nikipata nguvu kidogo nazimaliza zote kabla jua halijazama kana kwamba kesho hazitakuja tena.

Wengi wanaelezea hii kitu kwa vijiko, mfano aliouandika Christine Miserandino wa Marekani mwaka 2003 kuhusu kuishi na lupus, ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, kwamba vijiko ndio nguvu zako za siku, unaamka navyo kadhaa na kila kazi inavila. Mfano mzuri, umenisaidia sana kuwaelewesha watu wa nyumbani. Shida yangu ni kwamba vijiko vyangu sivioni. Njaa naijua nikishaanza kutetemeka, uchovu naujua ukishaniangusha, na wengi wetu tuko hivi, habari za mwilini zinatufikia zimechelewa, halafu ADHD nayo ukizama kwenye kitu unachokipenda masaa 6 yanapita hata maji hujanywa. Kwa hiyo ukiniambia nisikilize mwili wangu hujanisaidia kitu.

Ninachofanya ni kuangalia vitu vya nje. Feni ile ile ya kila siku ikianza kunipigia kelele, lebo ya shati ikianza kunichoma shingoni, meseji moja naandika nafuta naandika nafuta, hapo najua kimebaki kidogo sana hata kama kichwani najiona niko fiti.

Na kinachokula nguvu mara nyingi sio kazi yenyewe. Masaa mawili peke yangu na kazi yangu natoka mzima, lakini mitingi ya dakika 30 inanimaliza kwa sababu muda wote nashikilia macho yasikimbie, nahesabu ni saa ngapi zamu yangu ya kuongea, mikono naibana chini ya meza isicheze, yaani ile kazi ya kujifanya wa kawaida, na mwisho hata kilichosemwa sikukisikia. Sasa naomba maswali kwa maandishi kabla, mitingi mbili sizifuatanishi, na hedifoni navaa kabla ya kelele, sisubiri mpaka zimeniumiza.

Lililonishinda muda mrefu ni kuikata siku nzuri katikati. Naweka alamu, ikilia naacha, hata kama kazi inakwenda vizuri na ningeweza kuendelea. Inauma jamani, mara za kwanza nililia kabisa. Lakini nilishawahi kufika kule chini kwenyewe, kule ambako watafiti wa usonji wanasema mtu anachoka kwa miezi na miezi, anapoteza vitu alivyokuwa anaviweza, sauti na mwanga havivumiliki tena, mimi maneno yenyewe yalikuwa hayatoki mdomoni, na kulala hakukusaidia chochote. Kilichonirudisha ni giza, wimbo mmoja mara ishirini, kujibembea, na kutotakiwa kuongea na mtu.

Halafu kuna lile swali, "mbona jana uliweza?" Mnaoishi na sisi nawaomba sana mliache. Niliweza jana, ndio maana leo siwezi, na sote wawili tunaumia mimi nikilazimika kukuthibitishia kwamba sijifanyi.

Leo nimeamka na zile nguvu tena. Vyombo nimeosha, hii nimeandika, alamu imelia dakika kumi zilizopita na kuna meseji 11 sijazifungua. Nitazijibu kesho, nazima simu sasa hivi.