Leo nanga imepanda bila mtu kuinama

Hapa Kilifi Creek chini ni tope zito. Uking'oa nanga, mnyororo unapanda na matope yake, na harufu inashinda deki siku nzima.

Leo tumemaliza kufunga winchi ya umeme kwenye omo, yaani mbele ya mashua, ya kuvuta nanga, pamoja na pampu ya maji ya chumvi ya kuosha mnyororo.

Kazi ilikuwa nyaya jamani! Betri iko nyuma, winchi mbele. Kwa volti 12, waya mwembamba hupoteza nguvu njiani na kupata moto. Tukapitisha waya mnene, fyuzi karibu na betri.

Baba akakanyaga swichi.

Pete za mnyororo zikapanda moja moja, nyeusi tii. Maji yakazipiga, zikaingia zinang'aa.

Mgongo wa mzee umeteseka mno na nanga hii. Nimefurahi sana.

Wenye mashua, mnafunga chujio gani pampu isinyonye mchanga?