Miiba 24 ya tafi: kazi ya kutafuta ukoo wa samaki

Mama karanga wa Malindi, yule mkaanga samaki, hahitaji kuambiwa kuwa tafi anachoma. Ukimhesabu, utapata miiba 13 mgongoni, 7 kwenye pezi la nyuma ya tumbo, na miwili katika kila pezi la tumboni: mmoja mbele, mmoja nyuma, miale (vijiti vya pezi) mitatu laini katikati. Jumla 24. Pezi la tumboni la namna hiyo huwapati nalo samaki wengine. Sasa mlete tafi wa Lamu, wa Bahari ya Shamu na wa Australia: hesabu ni ileile. Anayetaka kumtenga tafi huyu na tafi yule, hesabu hiyo haimfai kitu. Anayeuliza kama tafi wote wana babu mmoja, ushahidi bora kuliko huo ataupata kwa shida. Kazi ya kuainisha samaki kwa mageuzi yao imo humo: kujua alama ipi yajibu swali lipi.

Aliyeiweka sheria hiyo wazi hakuwa mtu wa samaki. Ni Willi Hennig, Mjerumani aliyechunguza nzi, katika kitabu cha mwaka 1950. Alisema kufanana kwa sifa za kale hakuthibitishi undugu wa karibu. Kinachothibitisha ni badiliko jipya walilorithi pamoja. Changu ana magamba, chewa ana magamba: hapo hujasema lolote. Jodari na papa wamechongoka kwa sababu wote huogelea kwa kasi, si kwa sababu ni ndugu.

Ukiifuata sheria hiyo mpaka mwisho, utafika pagumu. Kambare mamba, yule wa matope ya delta ya Tana anayevuta hewa kwa mapafu, ni ndugu wa karibu wa mbuzi kuliko wa changu. Hata silakanti, samaki wa kilindini wa ukoo wa kale, kama yule aliyenaswa na trola, meli ya kukokota wavu, nje ya Malindi mwaka 2001, yuko upande wetu wa mti wa ukoo. Jenomu yake, yaani vinasaba vyake vyote, iliposomwa mwaka 2013, ilionekana kwamba kambare mamba ametukaribia zaidi. Basi "samaki" ni neno la jikoni na mnadani. Kwenye mti wa ukoo huwezi kuwakusanya samaki wote bila kuwaingiza kunguru na wanadamu.

Majina ya wavuvi yasidharauliwe, lakini yana mantiki yake. Mvuvi hupanga kwa nyama, kwa bei, kwa mtego na kwa rangi, na rangi ndiyo inayohadaa. Pono wengi huanza maisha wakiwa majike, kisha baadhi hugeuka madume na kubadilika rangi kabisa, toka kahawia au manjano hadi kijani na buluu. Wataalamu wa zamani nao walinasa humohumo, wakampa spishi mmoja majina mawili. Leo ushahidi wa vinasaba unawaweka pono ndani ya ukoo uleule wa samaki wa miambani ambao zamani walihesabiwa kuwa jirani zao tu.

Tena majina ya wenyeji yameingia hadi kwenye sayansi. Mtaalamu wa viumbe Peter Forsskål alikusanya samaki wa Bahari ya Shamu, akafa Yemen mwaka 1763, na kazi yake ikachapishwa mwaka 1775. Alichukua majina ya Kiarabu kama alivyoyasikia: harak na mahsena, ambao ni changu, na bohar wa jamaa ya kungu. Ngozi za samaki wake, zilizokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi kama majani, bado ziko Copenhagen.

Sasa kazi ya mikono, kuandaa sampuli. Samaki hupigwa picha akiwa bado mbichi, kichwa kikielekea kushoto, rula kando yake. Mapezi hutandazwa kwa pini juu ya ubao laini, kisha hupakwa fomalini, dawa ya kuzuia kuoza, kwa brashi dakika chache ili yabaki yamesimama. Kabla ya hapo kata kipande cha nyama ukubwa wa punje ya mchele, upande wa kulia, ukitie kwenye ethanoli (spiriti) ya asilimia 95 au zaidi. Usiigeuze ratiba hii, maana fomalini huharibu vinasaba. Ethanoli ibadilishwe siku ya pili, kwa kuwa maji ya nyama huizimua.

Fomalini ya dukani huchanganywa sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, na kijiko kidogo cha boraksi kwa lita. Bila boraksi hugeuka tindikali, na tindikali hula mifupa. Samaki mkubwa apasuliwe tumbo upande wa kulia, la sivyo dawa haifiki ndani na utumbo utaoza huku nje kukiwa safi. Fanya kazi hiyo nje, upepo ukiwa mgongoni, na glavu. Baada ya wiki moja hivi, aoshwe kwa maji yanayobadilishwa siku mbili tatu, ndipo ahamie kwenye ethanoli ya asilimia 70. Lebo iandikwe kwa penseli na iingie ndani ya chupa pamoja naye. Wino wa biro huyeyuka, nawe utabaki na samaki asiye na mahali wala tarehe. Huyo hana faida tena.

Kwenye kuhesabu, makosa ni mawili makubwa. Miale miwili ya mwisho ya pezi la mgongoni mara nyingi hutoka shina moja; huhesabiwa mmoja. Na tafi ana mwiba mfupi uliolala mbele ya ule wa kwanza, ukielekea kichwani. Wageni huupata kwa kidole, wakaandika 14. Kwa changu usihangaike na miiba: jamaa yake yote ina 10 mgongoni na miale 9 au 10 laini. Tazama shavu. La changu halina magamba, la kungu linayo.

Spishi mpya haitangazwi kwa picha. Huchapishwa pamoja na maelezo, na sampuli moja mahususi, holotaipi, hutajwa pamoja na hifadhi inayoitunza. Miaka mia ijayo mwenye shaka ataifungua chupa hiyo.

Anayetaka kazi hii hapa pwani ya Kenya aanze na biolojia ya bahari, Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi ni karibu, kisha avumilie uzamili na uzamivu. Ajira ni chache: KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, Mombasa, Makumbusho ya Taifa Nairobi, vyuo. Kukusanya ni wakati wa kaskazi, bahari ikitulia; kusi kaa mezani uhesabu. Vibali vianze mapema: NACOSTI, tume ya sayansi, kwanza, KWS, shirika la wanyamapori, ukiingia hifadhi ya bahari, na NEMA, mamlaka ya mazingira, ikiwa sampuli zitatoka nchini. Kwenye ndege samaki kwa kawaida hawasafirishwi ndani ya chupa. Huviringishwa kwa shashi yenye ethanoli, majimaji ya kila mfuko yasizidi mililita 30, hufungwa kwa joto, kisha mfuko juu ya mfuko hadi sandukuni.