Ukabaji wa Raga Huanzia Miguuni

Mchezaji akikosa kukaba, yaani kumshika mbeba mpira na kumwangusha, makocha wengi hupaza sauti: "Shuka chini! Gonga kwa nguvu!" Mchezaji anatii. Anainamisha kichwa, anajirusha, na mbeba mpira anampita akiwa ameshikwa jezi tu. Hapo bega halikuwa na kosa, wala moyo. Mguu ndio ulibaki mita nzima nyuma ya mahali ulipopaswa kuwa, na mengine yote yakafuata.

Mkabaji akiwa mbali hulazimika kunyoosha mwili ili amfikie mpinzani. Mwili ukishanyooka, uzito wote unakuwa mbele ya miguu na haina tena cha kusukuma. Kidevu kinagusa kifua, macho yanatazama nyasi, mikono inatangulia bega. Mkono ulionyooshwa pembeni ukipigwa na mwili unaokimbia, bega huweza kuteguka. Kichwa kilichoinama nacho hukutana na goti au nyonga. Ndiyo maana nasisitiza mguu kabla ya jambo lingine lolote, hata kwa wachezaji wakubwa wanaodhani walishamaliza kujifunza.

Kanuni ni nyepesi kueleza: mguu na bega vya upande mmoja. Mbeba mpira akipita kuliani kwako, unakaba kwa bega la kulia, na mguu wa kulia ndio unaokanyaga karibu naye. Karibu kiasi gani? Karibu kiasi cha kumgusa nyonga huku kiwiko chako kimekunjwa. Kama ni lazima unyooshe mkono, bado hatua moja. Kichwa kinakaa nyuma yake, shavu likibana upande wa nyuma wa nyonga au paja. Kikienda mbele yake, mwili wake wote utakiangukia, na hilo ni miongoni mwa makosa ya hatari zaidi katika ukabaji. Akija uso kwa uso, kichwa kinaenda ubavuni mwake, kamwe si katikati.

Ili mguu ufike hapo, mbio za kumkaribia zina sehemu mbili. Kwanza unakimbia kwa kasi kuziba nafasi, ukitokea upande wa ndani wa uwanja, ili njia pekee anayobakiwa nayo iwe kuelekea mstari wa pembeni. Kisha, zikibaki mita 2 au 3, unafupisha hatua, unakunja magoti na kushusha nyonga. Usisimame kabisa. Anayesimama na kupanga miguu sambamba hukwepwa kwa hatua moja ya pembeni. Macho yanatazama bukta yake, kwa sababu mabega, kichwa na mpira vinaweza kudanganya, lakini kiuno hakiendi pasipo mwili.

Viwiko vibaki karibu na mbavu mpaka bega liguse. Bega likishagusa, kati ya paja na mbavu za chini, mikono inazunguka kwa nguvu na kumvuta kwako, huku miguu ikiendelea kukanyaga hatua 3 hadi 5. Hizo hatua ndizo zinazomwangusha. Kugonga bila kukumbatia si ukabaji, ni rafu, na refa atatoa penalti au kadi. Vilevile usimnyanyue ukamgeuza akaanguka kwa kichwa au mabega. Hilo kwa kawaida ni kadi nyekundu.

Kuhusu urefu, sheria za World Rugby, shirikisho la raga duniani, zinakataza kukaba juu ya mstari wa mabega. Katika raga ya ridhaa, baadhi ya nchi zimeshusha zaidi: Ufaransa ilishusha hadi kiunoni mwaka 2019, na Uingereza hadi chini ya mfupa wa kidari kuanzia msimu wa 2023/24. Hata pale sheria inaporuhusu kifua, mimi ningefundisha kiunoni. Wawili waliosimama wima wakikutana, vichwa vyao viko kimo kimoja.

Sasa mazoezi. Anza na mkabaji akiwa amepiga goti moja: mguu wa kulia umekanyaga mbele, goti la kushoto liko chini, na mwenzake anatembea kupita upande wa kulia. Kutembea, si kukimbia. Hapo hakuna kasi ya kuogopa, hivyo akili yote inabaki kwenye kichwa, shavu na mikono. Fanya mara 5 kila bega, ukianza na bega dhaifu, maana ndilo linalosahaulika mechi ikichachamaa. Kisha mkabaji achuchumae, kisha asimame, na mbeba mpira atoke kutembea hadi kukimbia polepole ndani ya mraba wa mita 5. Wapange kwa uzito na kimo, wala si kwa umri pekee. Wote wavae kinga ya meno.

Anayefumba macho, mfungie mwenzake kitambaa cha rangi kiunoni, ubadilishe rangi kila mara, na umtake aitaje rangi wakati bega linagusa. Kidevu hupanda chenyewe. Anayejirusha, weka koni mbili pembeni mwa njia ya mbeba mpira na umwambie mguu wake ukanyage kati ya koni na mwenzake kabla mikono haijafunga. Na anayeachia mikono mapema, mwambie ashike kiganja chake mwenyewe kwa nyuma ya mapaja ya mwenzake, asiachie mpaka wote wawili wako chini.

Mito ya kukabia, yale magunia laini ya mazoezi, ina nafasi yake, lakini ndogo. Mto hauna kiuno, haukwepi, na humzoeza mtoto kupiga katikati, kichwa kikiwa popote. Ukiutumia, lazima mikono izunguke na kichwa kiwe ubavuni kila mara.

Ukabaji hauishi mtu akianguka. Mwachie mara moja, ondoka au simama, na usiguse mpira kabla hujasimama kwa miguu yako. Timu nyingi hukaba vizuri kisha huadhibiwa kwa penalti hapa, kwa hiyo kila zoezi limalizikie mkabaji akiwa wima, mikono tayari kwa mpira.

Kiasi nacho ni sehemu ya ufundi. Mwaka 2021 World Rugby, pamoja na chama cha kimataifa cha wachezaji, ilishauri timu za kulipwa zisizidishe dakika 15 za mgusano kamili kwa wiki. Kama hao wanatosheka na dakika 15, vijana hawahitaji zaidi. Dakika nyingine zote zitumie kwenye hatua, goti moja, na kasi ya kutembea. Fundisha mwanzoni mwa kipindi, baada tu ya kupasha mwili, kwa sababu shingo iliyochoka haishiki kichwa vizuri. Na mchezaji akionyesha dalili yoyote ya mtikisiko wa ubongo, iwe kuyumba, kuchanganyikiwa au kuumwa kichwa, anatoka uwanjani papo hapo na harudi siku hiyo, hata akisema yuko sawa.